Sabuni ya Majivu

3 Februari

Dada Mkubwa, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na mwanao Nesi. Sisi huku hatujambo, na safari hii si salamu ya mazoea tu, hatujambo kweli. Leo ni siku ya arobaini sijaingia dukani. Nazihesabu kwa mkaa ukutani, pembeni ya mlango. Chumvi tu ndiyo iliyonishinda, maana chumvi hailimwi. Hiyo hutuletea dereva wa gari la maziwa, yule yule anayebeba barua zetu, nami humpa mayai.

Maharage yameanza kupanda juu ya mahindi. Kuku wanajitafutia. Jioni tunakula tulichokichuma asubuhi, na hakuna mtu katikati wa kutuuzia. Nawakumbuka wenzangu niliokuwa nao kwenye kazi ya kutengeneza mafriji huko mjini, nawaonea huruma. Wananunua maji, wananunua moto, na siku hizi nasikia hata usingizi wananunua kwenye duka la dawa.

Umeuliza kama siitamani simu. Siitamani hata kidogo. Anayenipenda ataniandikia kama wewe, na asiyenipenda nimempunguzia gharama.

Nakutumia vipande viwili vya sabuni. Tumeitengeneza wenyewe kwa maji ya majivu na mafuta ya ng'ombe. Oshea mikono yako, maana hizo dawa za kufulia za hospitali zitakuchuna mpaka mfupa.

Dada, nikikumbuka ulivyokubali shamba hili lisiuzwe, baada ya kumzika baba, moyo wangu hukushukuru upya. Ulikuwa na sababu ya kuuza nusu yako, najua. Nesi alikuwa na barua ya chuo cha uuguzi mkononi. Lakini nilikuambia, pesa ya shamba huisha, shamba haliishi. Sasa unaona mwenyewe.

Wifi yako anakusalimu sana, yuko bustanini.

Mdogo wako,
Profesa


19 Februari

Profesa, marahaba.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya furushi la mashuka. Mashine namba mbili inazunguka, namba moja imekufa tena tangu juzi, na fundi anasema anakuja. Hayo ya anakuja nimeyasikia miaka kumi na tisa.

Barua yako niliisoma kwa sauti wakati wa chakula cha mchana, maana wenzangu wameshazoea na wananidai. Nilipofika kwenye maharage kupanda juu ya mahindi, Mama Pasi alifumba macho kabisa. Unamkumbuka, yule mnyoshaji ambaye hasikii moto mikononi. Mwingine akauliza kama huna ndugu ambaye hajaoa. Nikamwambia ndugu yangu ni huyo mmoja tu, na ana mke mwenye misuli.

Jina hili la Profesa nilikupa ukiwa na miaka tisa, kwa sababu ulikuwa unajibu maswali yote, hata uliyokuwa hujaulizwa. Mama alikuwa ameshakufa, mimi ndiye niliyekuosha miguu na kukupeleka shule. Naona hujabadilika.

Sabuni nimeipata, ahsante. Ina povu jingi. Niambie, mlitumia majivu ya mti gani? Na mlifanyaje ikaganda vizuri hivi? Bibi yetu alipotengeneza ilikuwa laini, tunaichota kwa kijiko, na povu lake ni la kuombea dua.

Nesi yuko salama. Anauza makava ya simu dukani, anarudi amesimama kutwa. Bado tunamwita Nesi. Nilidhani jina hilo litamuudhi kwa kuwa chuo hakuenda, lakini anaitika tu.

Kifua changu si kibaya sana. Asubuhi kinanikohoza, mchana kinaniacha nifanye kazi. Desemba nafikisha miaka ishirini kazini, na ukifikisha ishirini ndipo wanakupa kiinua mgongo. Ila kuna siku nikifunga mlango wa chumba cha kufulia najiuliza, hivi nangoja nini, na mdogo wangu anaishi vile bila kumuomba mtu?

Dada yako


11 Machi

Dada, shikamoo.

Umenichekesha na hao wenzako. Waambie mlango uko wazi kwa wote, ila waje na majembe.

Kuhusu sabuni, majivu ni majivu, dada. Mti wowote. Kuganda ni uvumilivu tu, unakoroga mpaka mkono unakufa ganzi, halafu unaiacha ijifikirie. Bibi alikuwa na haraka, ndiyo maana.

Mvua imeanza. Leo nimekaa kivulini nakuandikia, naisikia inavyopiga, na sina hata kitu kimoja ninachodaiwa na mtu yeyote. Samahani kwa doa la mafuta hapo juu, nilikuwa natengeneza bawaba ya mlango.

Na hilo la kujiuliza unangoja nini, mimi nakujibu: unangoja nini? Njoo! Nyumba ni yako, shamba ni lako. Chumba cha mbele kina mbegu tu, tutazihamisha. Njoo hata kesho.

Mdogo wako,
Profesa


2 Aprili

Mdogo wangu,

Sijalala vizuri tangu nipate barua yako, na si kwa ubaya.

Sasa nikwambie niliyokuficha. Mwezi uliopita daktari wa hapa hapa hospitalini alinisikiliza kifua. Hakuzunguka. Alisema niondoke kwenye mvuke na zile dawa, la sivyo kifua ndicho kitakachoniondoa. Nikaomba kuhamishiwa stoo ya mashuka, kukunja tu. Wakaniambia stoo imejaa. Nimezidi kukohoa. Jana nilikohoa mpaka Mama Pasi akazima mashine akanishika.

Wewe ukasema njoo hata kesho. Kesho siwezi, lakini tarehe thelathini Juni naweza. Siku hiyo ndipo kodi ya chumba changu inapoisha. Nesi atahamia kwa rafiki yake wa dukani. Asubuhi hiyo nitapeleka barua ya kuacha kazi, nitalala wiki mbili kwa Mama Pasi, halafu nitakuwa kwenu.

Nikiacha kabla ya Desemba, kiinua mgongo sipati hata senti, miaka yote hii inaenda na maji ya kufulia. Nimelitafakari. Ningeweza kujikokota mpaka Desemba kama ningelazimika. Lakini ikiwa ninakokwenda mtu anakula bila pesa, basi ya nini kujikokota?

Kwa hiyo nakuuliza swali moja, na safari hii sitaki mashairi. Shamba lile linaweza kulisha watu watatu? Nijibu ndiyo au hapana. Ukisema hapana sitakasirika, nitavumilia mvuke hadi Desemba. Lakini nijibu kabla ya tarehe thelathini.

Nesi anasema, "Mama, mjomba hawezi kukudanganya, wewe ndiye uliyemlea."

Dada yako


6 Mei

Dada Mkubwa, shikamoo.

Barua yako ilichelewa kunifikia, dereva alikuwa na matatizo ya gari. Pole sana kwa kifua. Jaribu kunywa maji ya moto.

Nimefurahi mno kwamba unafikiria kuja. Ila usifanye haraka, dada. Paa la chumba cha mbele linavuja. Kisima nacho kimepungua kidogo. Na maisha ya shamba kwa mtu aliyezoea mjini yana ugumu wake siku za mwanzo, mgongo, mbu, mambo kama hayo. Kwa nini usisubiri Desemba? Ni miezi michache tu, na miezi hukimbia.

Kuhusu swali lako, jibu lake si la neno moja. Inategemea mvua.

Wifi yako anakusalimu.

Mdogo wako,
Profesa


24 Mei

Profesa,

Nimeisoma barua yako mara nne. Safari hii sikuwasomea wenzangu.

Nilikuuliza ndiyo au hapana, ukanijibu paa. Kumbe ile "njoo hata kesho" ilikuwa karibu ya mlangoni, ile mtu anayokwambia huku ameshika komeo. Ningejua ningeitikia ahsante nikaendelea na njia yangu, kama watu wenye adabu.

Usiniambie habari ya mgongo na mbu. Mimi napinda mgongo tangu saa kumi na mbili asubuhi kila siku ya Mungu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nipe, na ukichelewa nitalichukua mwenyewe.

Nitakwambia jambo ambalo miaka mitatu sijakwambia. Siku niliposema shamba lisiuzwe, nilirudi nyumbani nikamkuta mwanangu ametangulia, anafua sare ambayo alikuwa hajaivaa. Alikuwa ameishonesha mapema kwa furaha. Akaikunja akaiweka chini ya godoro, na hatukuzungumza tena habari ile. Nilifanya vile kwa ajili yako. Sasa unaniambia kisima kimepungua.

Nusu ya shamba ni yangu. Siombi nafasi, nakuarifu. Tarehe thelathini nitapeleka barua ya kuacha kazi. Kama paa linavuja nitaweka beseni.

Dada yako


22 Juni

Dada,

Jibu ni hapana.

Hapana, shamba halilishi watu watatu. Halilishi hata wawili. Usipeleke hiyo barua. Nakuomba kwa magoti, soma mpaka mwisho halafu unitukane, lakini usiipeleke.

Mwaka wa kwanza tulipata mahindi ya miezi mitatu. Wa pili, miwili na kidogo, nguruwe pori wakala mengine. Tangu mwaka jana mimi nafanya kazi. Kuna kituo cha kupoza maziwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli, nami ndiye fundi wa mitambo yao ya baridi. Ni kazi ile ile niliyosema nimeiacha. Natoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Barua zote nimekuandikia huko, nikiwa nimekaa nyuma ya tangi, wakati wa mapumziko. Lile doa halikuwa la bawaba.

Siku arobaini sijaingia dukani ni kweli, maana anayeingia ni mke wangu. Unga tunanunua. Mafuta tunanunua. Na ile sabuni, dada, ni mche wa dukani. Tulijaribu ya majivu mara mbili, ikawa uji. Ya tatu nikachukua mche nikauyeyusha, nikatia majivu kidogo ipate rangi. Nilimpelekea dobi sabuni ya uongo. Sijui nilikuwa na akili gani.

Shamba analilima mke wangu peke yake. Nikikuandikia "tumepanda", ni yeye. "Tumevuna", ni yeye. Mimi nafika jioni, nauliza maharage yamefikia wapi, halafu kesho yake nakuandikia kama niliyeyaona.

Nilitaka kukwambia Aprili. Barua yako haikuchelewa, ilikuwa mfukoni mwangu wiki nne. Nilikuwa naitoa, nasoma pale Nesi aliposema mjomba hawezi kukudanganya, nairudisha. Mwezi wa tano nikaona niandike kisima na paa ili ujiamulie mwenyewe kusubiri, nami nibaki Profesa. Nikakuumiza zaidi.

Vumilia hadi Desemba kama ulivyosema, uchukue haki yako, halafu uje. Nitakujengea chumba kwa mshahara wangu, na nitakiita mshahara.

Dereva anaondoka Jumatano. Amesema itakufikia tarehe ishirini na saba. Kituoni kuna simu, dada. Iko mezani kwa karani, mita kumi kutoka hapa nilipokaa. Nimeitazama asubuhi nzima. Siwezi kusikia sauti yako ukiambiwa haya.

Nisamehe.

Mdogo wako


1 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika tarehe ishirini na saba, kama dereva alivyosema. Niliujua mwandiko. Nikaiweka juu ya kabati bila kuifungua.

Nilisema moyoni, hili ni paa lingine linalovuja. Nikaogopa kwamba nikiisoma nitalegea. Basi tarehe thelathini nikavaa gauni la kitenge, nikapeleka barua ya kuacha kazi, nikasimama pale mpaka karani akaigonga muhuri. Nilipotoka nikakaa kwenye ngazi za nje, nikasema sasa naweza kumsoma. Nikafungua.

Nilirudi ndani mbio, kwa kifua hiki. Karani akaniangalia kama mtu anayetaka kurudishiwa sabuni aliyokwisha kuitumia. Akasema barua ikishagongwa muhuri imegongwa, na nafasi yangu ina mtu anayeingoja. Nikamwomba. Nikamwomba tena mbele ya watu. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyeangusha ndoo, kwa mikono yangu miwili.

Ulikuwa na simu mita kumi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko sabuni.

Sasa sikiliza na yangu, maana sitaki ubebe mzigo wote halafu ujione mkubwa. Sabuni niliijua siku ile ile. Hata mstari wa buluu haukuyeyuka vizuri. Niliinusa tu nikaijua mpaka jina lake. Nikakuuliza majivu ya mti gani ili upate mlango wa kutokea, ukasema majivu ni majivu. Hapo ningekuuliza waziwazi, mimi niliyekufundisha kusema kweli kwa fimbo na kwa pipi. Sikuuliza. Nilisema moyoni, sabuni ni uongo lakini maharage ni ya kweli. Halafu nikawasomea wenzangu. Mama Pasi amenunua kuku wawili kwa ajili yako, wote wamekufa.

Nilizihitaji barua zako. Chumba kile cha kufulia hakina dirisha. Ulikuwa unaandika, nami nilikuwa nakulipa kwa kuamini, kwa hiyo ukaendelea.

Nakuja. Sina pengine. Tarehe kumi na tano nitapanda gari la maziwa. Mwambie wifi yangu ukweli, unaniandikia nini na tangu lini, kama hajui.

Dada yako


9 Julai

Wifi yangu, shikamoo.

Mimi si mtu wa kalamu, kalamu humu ndani ina mwenyewe. Naandika kwa sababu tangu apate barua yako hataki chakula, na nikimwachia ajibu atakuandikia kurasa sita.

Nilijua. Si yote, lakini nilijua kwamba huko kwenye karatasi sisi ni matajiri wa maharage. Siku moja niliikuta barua hajaifunga, nikasoma jinsi tulivyochuma asubuhi. Nikacheka, nikamwambia, bwana wewe unalima kwa kalamu, na jembe lako halipindi. Akanuna siku mbili. Ningekuandikia wakati ule. Nikaona ni ya ndugu wawili, nisijitie. Nilikosea, unisamehe.

Usiogope sana. Njaa hatuna. Nusu tunalima, nusu tunanunua. Mbolea ya kuku inatosha, maji ya kisima ni matamu, na mboga sijanunua mwaka wa tatu huu. Hilo ni la kweli, njoo ulione. Mimi ningependa tununue zaidi kidogo kuliko tunavyonunua, maana nimechoka peke yangu.

Njoo na godoro. Na barakoa ya kukinga kifua na vumbi la gari. Paa kweli linavuja, hilo hakukudanganya.

Wifi yako


18 Oktoba

Nesi, mpwa wangu,

Ulimuuliza mama yako kwenye simu kama huku kuzuri, naye akakujibu, muulize mjomba wako, yeye ndiye mwandishi. Kwa hiyo nimetumwa.

Mama yako bado anakohoa, lakini si kila asubuhi. Amenenepa kidogo usoni. Mwezi wa kwanza alikuwa hasemi na mimi, akitaka kitu anamtuma mke wangu: "Mwambie mdogo wangu asogeze kiti." Nami nimekaa hapo hapo, kiti kile kile. Mwezi wa pili akanitukana siku nzima tukiwa tunachimba shimo la choo, na tangu hapo tunazungumza.

Mavuno yalikuwa magunia manne. Ni chakula cha miezi mitano kwa watu watatu. Miezi mingine tunanunua. Mama yako na mke wangu wamechimba matuta ya kuzuia maji, mwakani labda tutapata zaidi, kama nguruwe hawatarudi. Maisha ya pesa kidogo yapo, Nesi. Mke wangu anayaishi tangu tulipofika. Yanataka mtu wa kuinama kutwa, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya tangi la maziwa nikiyasifu. Bado naenda kituoni kila siku. Siku ya mapumziko nalima mimi, wao wanakaa kivulini wananikosoa.

Usiache kazi yako ya dukani kwa ajili ya kuja huku. Nakuandikia wazi ili asitokee mtu akakuambia mjomba alisema njoo.

Jambo la pili. Mama yako ameamua kuuza nusu yake ili uende chuo, kama ilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo. Leo asubuhi aliniwekea karatasi mezani, nikatia saini bila mashairi. Uliza kama bado wanakupokea. Sijui kama umri unaruhusu. Nimeogopa kuuliza mwenyewe.

Jambo la tatu sijatumwa.

Nyote mnajua kwamba niliacha kazi mjini kwa sababu nilichoka kuishi kwa pesa. Si kweli. Walinifukuza. Nilikuwa natengeneza chumba cha baridi cha bucha moja kubwa, Ijumaa mchana. Nilitoa fyuzi nikaitia mfukoni, nikapigiwa simu, nikazungumza, nikacheka, nikakusanya zana zangu nikaenda zangu. Jumatatu walipofungua, nyama yote ilikuwa imeoza. Nikamwambia mke wangu nimeamua kuacha. Maneno mazuri ya kuishi bila pesa yalinijia baadaye, kwenye basi.

Baba alikuwa amekufa mwezi mmoja tu. Sikuwa na kazi wala pa kwenda isipokuwa shamba, na nusu shamba ilikuwa inauzwa kwa ajili yako, lakini mnunuzi alitaka shamba lote au hataki. Kwa hiyo nikasema. Nilisema siku tatu mfululizo, pesa huisha, shamba haliishi, mpaka mama yako akalia akasema basi. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na bahasha ya chuo. Ukaniambia, "Ni sawa tu, mjomba, nitajaribu mwakani." Ulinifariji. Ulikuwa na miaka ishirini na moja, ukanifariji mimi, nami nikakubali kufarijiwa.

Mama yako anadhani nilidanganya kuhusu maharage. Hajui kwamba nilianza pale. Hata mke wangu hajui. Mama yako yuko nje sasa hivi anapalilia, namwona kutoka hapa nilipokaa, na nimeshindwa kutoka kwenda kumwambia.

Wewe ndiye niliyekukosea kwanza, kwa hiyo nimekuambia wewe kwanza. Ukimwambia, sitakana.

Mjomba wako